Je, Wagiriki wa kale walikula nyama mbichi ibadani? Na sisi tuile jukwaani?

*"Shikamoo Mwalimu. Niko kwenye kikundi cha sanaa hapa Arusha na tunaandaa tamthilia ya Euripides kuhusu mungu Dionysus, ile ambayo mama anamuua mwanawe akidhani ni simba. Mimi ndiye ninayecheza nafasi ya huyo mama, Agave. Mwongozaji wetu amesoma kwamba wanawake waliomwabudu Dionysus walimrarua mbuzi akiwa hai wakamla mbichi ili mungu aingie ndani yao, na anataka tule nyama mbichi ya mbuzi jukwaani ili watazamaji wauone ukweli. Tukilalamika anasema Wamasai wanakula figo mbichi na hawafi. Wiki mbili zilizopita alileta ini la mbuzi mazoezini, likakamuliwa ndimu, nami nikameza vipande viwili. Mwenzetu mmoja ana mimba ya miezi minne na yeye alikula. Mama yangu anasema tumeshiriki ibada ya mashetani. Je, ni kweli Wagiriki walifanya hivyo? Na je, tumejidhuru?"*

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina maswali matatu ndani yake, na moja halisubiri historia, kwa hiyo naanza nalo. Mimi si daktari, nimesomea dini za kale. Lakini haya nitakayosema kuhusu nyama hata afisa mifugo wa kata yako atakuthibitishia.

Mwenzenu mwenye mimba aende kliniki wiki hii, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Amweleze nesi waziwazi kwamba amekula ini bichi la mbuzi, na lini. Kuna kimelea kiitwacho toksoplazma ambacho hujificha ndani ya nyama ya mbuzi na kondoo katika vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtu mzima mwenye afya akikimeza mara nyingi hata hajui. Mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito ndiye mwenye shida, kwa sababu kimelea kinaweza kuvuka kondo la nyuma na kumdhuru mtoto macho na ubongo. Sisemi kwamba limetokea, huenda ini lile lilikuwa safi kabisa. Nasema kuna kipimo cha damu na kuna matibabu, na vyote viwili vinafaa zaidi mapema.

Wewe, kama wiki mbili zimepita bila kuhara wala homa, yale ya haraka yamekupita. Salmonela hujitokeza ndani ya saa au siku chache. Kimeta cha tumboni kwa kawaida hujionyesha ndani ya wiki moja, na homa ya Bonde la Ufa vivyo hivyo. Kinachobaki hasa ni bruselosi, ugonjwa unaofanya mbuzi na ng'ombe watupe mimba, ambao kwa binadamu unaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kujitokeza. Dalili zake ni za kudanganya: homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma, uchovu usioisha. Ukienda kituo cha afya na dalili hizo halafu ukanyamaza kuhusu ini, utatibiwa malaria, ukirudi utaambiwa ni taifodi, na miezi itakatika. Sema ulichokula. Na kuhara damu, au homa inayozidi siku mbili tatu, si mambo ya kunywea maji ya ndimu nyumbani.

Na hiyo ndimu yenyewe. Asidi hubadilisha rangi ya nyama na kuikaza juu juu, ndiyo maana inaonekana kama imeiva. Vijidudu vilivyo ndani havijaguswa. Muhuri wa mkaguzi wa machinjioni nao una maana yake: mnyama alikaguliwa kabla na baada ya kuchinjwa, na mkaguzi akaruhusu nyama iende kwa watu ambao wataipika. Hakuna mkaguzi anayepiga muhuri akiwaza kwamba mtu ataila vilevile.

Kuhusu Wamasai, mwongozaji wako amechukua nusu ya habari. Ni kweli wafugaji hunywa damu na hula figo ingali na joto. Wanakula ya mnyama waliyemjua tangu azaliwe, aliyechinjwa dakika chache zilizopita mbele yao, si ini lililokaa kwenye ndoano ya bucha tangu alfajiri. Hata hivyo wanaumwa. Bruselosi ni ugonjwa wa wafugaji kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote, na kimeta kimekuwa kikilipuka mara kwa mara maeneo ya Ngorongoro. Anayesema "hawafi" hajawahi kukaa kwenye benchi la zahanati ya huko. Ethiopia nako nyama mbichi ya ng'ombe ni chakula cha heshima kwenye harusi na sikukuu, na kwa karne nyingi chakula hicho kimekwenda pamoja na dawa yake: maua ya mti wa koso, yanayonywewa ili kutoa tegu. Watu wanaokula nyama mbichi kwa mila wanajua inawagharimu nini. Nyinyi mlikuwa mnaigiza tu. (Tegu kwa binadamu hutoka kwa ng'ombe na nguruwe, si kwa mbuzi. Kwa hilo angalau mmepona.)

Sasa Wagiriki. Mwongozaji hakuitunga habari hii, imeandikwa vitabuni tangu zamani. Tatizo ni kwamba ameichukua hadithi akaifanya ripoti ya aliyeona kwa macho.

Ili kuelewa kwa nini nyama mbichi iliwashtua Wagiriki, ni lazima kwanza ujue walivyokula nyama siku nyingine zote. Nyama nyingi waliyokula ilitoka kwenye kafara, na kafara ilikuwa na utaratibu wake. Mnyama anachinjwa, damu inamwagwa madhabahuni, mifupa ya paja inafungwa mafuta na kuchomwa ili moshi uwafikie miungu. Ini, moyo, mapafu, figo na bandama vinachomekwa kwenye vijiti na kuchomwa mara moja, wale walio karibu zaidi na madhabahu wanavila kwanza. Nyama iliyobaki inachemshwa kwenye masufuria makubwa na kugawiwa watu. Moto ulikuwa ndio mpaka: miungu inapata moshi, binadamu anapata kilichoiva, mnyama wa porini anakula mbichi. Katika Iliad, utenzi wa Kigiriki kuhusu vita vya Troy, shujaa Achilles anapotaka kuonyesha chuki iliyopita kiasi anamwambia adui yake Hector anayekata roho kwamba laiti hasira yake ingemsukuma amkate nyama aile mbichi. Anasema, hafanyi. Hata yeye, muuaji mkubwa kuliko wote pale Troy, hauvuki mpaka huo.

Basi Dionysus ndiye mungu wa kuvuka mipaka: mwanamke anatoka nyumbani usiku kwenda mlimani, mtumishi na bibi yake wanacheza pamoja, mtu anavaa barakoa na kuwa mwingine. Katika kisiwa cha Lesbos aliitwa kwa jina lenye maana ya Mla-Mbichi, na mshairi Alcaeus analitaja hilo mnamo mwaka 600 KK. Lakini tazama ni nani anayeitwa hivyo. Ni mungu mwenyewe.

Ushahidi wetu mzito kuliko wote ni jiwe, si hadithi. Lilikutwa Miletus, mji wa Kigiriki ulioko leo Uturuki, na ni la mwaka 276 KK hivi. Limechongwa masharti ya ukuhani wa kike wa Dionysus, ukuhani ambao ulikuwa unauzwa. Jiwe linasema kwamba kuhani wa mji anapoadhimisha ibada kwa niaba ya mji mzima, mtu mwingine asiruhusiwe kutia "kipande cha kuliwa kibichi" kabla kuhani hajatia cha kwake kwa niaba ya mji. Linaendelea: mwanamke anayetaka kuwaingiza wengine katika ibada ya Dionysus, iwe mjini, shamba au visiwani, amlipe kuhani sarafu moja kila sikukuu inapozunguka, yaani mwaka mmoja ndani, mmoja nje. Soma hilo taratibu, mwanangu. Hakuna kurarua, hakuna damu midomoni, hakuna anayesemwa kula. Kuna kipande cha nyama kinachotiwa mahali, foleni ya nani aanze, na ada. Linasomeka kama kibali cha manispaa. Albert Henrichs, aliyechunguza sana maandishi haya miaka ya 1970, aliona kwamba nyama mbichi hapo ni sadaka inayowekwa, haitafunwi. Nami nakubaliana naye, ingawa siwezi kusema jiwe linathibitisha kwamba hakuna aliyeonja.

Na wanawake wa mlimani je? Hao walikuwepo kweli. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki ambaye alikuwa kuhani katika hekalu la Delphi karne ya 1 na ya 2 BK, alimfahamu kiongozi wao, mwanamke aitwaye Clea, na kumwandikia vitabu. Walipanda mlima Parnassos katikati ya baridi. Anasimulia kwamba safari moja walinaswa na theluji huko juu, na waliotumwa kuwaokoa nguo zao ziliganda zikakakamaa kama mbao. Na anasimulia kisa kingine, ninachokipenda kuliko vyote. Wakati wa vita karne ya 4 KK, wanawake hawa walitangatanga usiku wakafika mji wa Amphissa bila kujua wako wapi, wamechoka, wakajilaza ovyo uwanja wa soko. Mji ulikuwa umejaa askari. Wake wa Amphissa wakatoka mbio, wakawazunguka wamesimama kimya, mpaka wageni wakaamka wenyewe. Kisha wakawahudumia, wakawapa chakula, na baada ya kuongea na waume zao wakawasindikiza salama hadi mpakani. Hivyo ndivyo anavyowaeleza wanawake wa Dionysus mtu aliyekuwa karibu na ibada yao: waliochoka, wenye baridi, wanaohitaji kulishwa.

Nisikufiche upande wa pili. Plutarch huyohuyo, mahali pengine, anataja sikukuu za huzuni zenye kula mbichi na kurarua. Kuna pia kipande kilichobaki cha tamthilia nyingine ya Euripides, ambamo mfuasi mmoja wa Krete anasema amemaliza karamu ya nyama mbichi na kuwa mtakatifu, na tangu hapo anavaa nyeupe na hagusi chochote chenye uhai. Yaani mara moja tu, mlangoni, halafu hali nyama tena maishani. Ikiwa kuna mahali ibada halisi ilihusisha kumeza, nadhani ilikuwa ya namna hiyo: kidogo, mara chache, jambo zito. Haikuwa karamu.

Habari za kutisha zaidi zinakuja baadaye, na zinatoka kwa watu waliotaka ibada hiyo ife. Clement wa Alexandria, mwishoni mwa karne ya 2, anawasema wafuasi wa Dionysus kuwa wala nyama mbichi. Firmicus Maternus, karne ya 4, anaandika kwamba watu wa Krete walimrarua fahali hai kwa meno. Wote wawili ni Wakristo wanaoshambulia dini ya kipagani. Na kumbuka kwamba wakati wa Clement, Wakristo wenyewe walikuwa wakisingiziwa kwamba wanaua watoto wachanga na kuwala kwenye mikutano yao ya siri. Kumwita jirani mla-mbichi ilikuwa silaha ya kila upande.

Kuhusu hilo la "mungu aingie ndani yao", chanzo chake ni cha juzi kuliko unavyofikiri. Mwaka 1889 William Robertson Smith, mtaalamu wa Uskoti, alidai kwamba kafara zote zilianza kwa kula mnyama mtakatifu pamoja. Tegemeo lake kubwa lilikuwa kisa cha Waarabu wa Sinai waliomchinja ngamia na kumla mbichi wote, ngozi na mifupa, kabla jua halijachomoza. Freud, yule mwanasaikolojia, akakirudia mwaka 1913. Kisha wasomi wakakitumia kumweleza Dionysus, na E. R. Dodds akaifanya fikra hiyo ipendwe sana katikati ya karne ya 20. Shida ni kwamba kisa cha ngamia kimetoka kwenye masimulizi yanayofanana na riwaya kuliko historia. Na hekaya ya Dionysus mtoto kuuawa na Matitani, yale majitu ya kale, ambayo watu huitaja kama asili ya ibada hii, inasema alichemshwa kisha akachomwa kwenye vijiti. Alipikwa!

Utauliza kama inawezekana hata kidogo mtu kumrarua mbuzi kwa mikono. Aliyewahi kumchuna anajua ngozi ile ilivyo, hata kwa kisu kikali. Lakini siwezi kusema haiwezekani, kwa sababu Morocco watu waliyaona mambo hayo. Wafuasi wa tarika ya Aissawa, yenye makao yake Meknes, walikuwa kwenye Maulidi wakiingia katika hali ya kupandisha, wakirarua kondoo au mbuzi na kula mbichi, na wasomi walioishi huko mwanzoni mwa karne ya 20 waliyaandika kwa kirefu. Kwa hiyo mwili wa binadamu unaweza. Hilo halithibitishi kwamba wanawake wa Thebes, mji wa tamthilia yenu, walifanya.

Turudi kwenye tamthilia yenu, maana hapo ndipo ninaposhangaa kama mwongozaji ameisoma hadi mwisho. Hakuna mtu anayekula nyama mbichi jukwaani. Kundi la waimbaji linaitaja furaha ya kula mbichi katika wimbo wao wa kuingia, basi. Mchungaji anayekuja kusimulia aliyoyaona mlimani anasema wanawake walipata maji kwenye mwamba, divai ardhini, maziwa walipokwaruza udongo kwa vidole, asali ikidondoka kwenye fimbo zao. Ndicho chakula chao. Baada ya kuvamiwa ndipo wanawararua ng'ombe, mbavu na kwato zikirushwa huku na huku, vipande vikining'inia kwenye misonobari vikichuruzika damu. Kurarua kunasimuliwa, na kula hakumo. Kifo cha Pentheus, mwana wa Agave, nacho kinasimuliwa na mjumbe. Euripides aliandika haya mwishoni mwa maisha yake, yakachezwa Athens baada ya kifo chake cha mwaka 406 KK na kupata tuzo ya kwanza, bila tone la damu halisi.

Na mstari unaokuhusu wewe: Agave anapoingia na kichwa mikononi, anawakaribisha waimbaji washiriki karamu. Wao, wale wale walioimba furaha ya kula mbichi, wanasita na kumhurumia. Mtu akiwa tayari anatafuna nyama jukwaani wakati huo, mwaliko wako hauna tena pa kuangukia. Watazamaji watakuwa wanawaza matumbo yenu badala ya mwanao.

Kama mwongozaji anang'ang'ania kuonyesha kitu, njia zipo. Nyama ya mbuzi ichemshwe mpaka iive kabisa, ipoe, ipakwe rojo la bitiruti lililochanganywa na juisi ya choya. Kwa mtu aliyekaa safu ya tatu hakuna tofauti. Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, alipoiandika upya tamthilia hii kwa ajili ya jukwaa la London mwaka 1973, alifanya kichwa cha Pentheus kitiririke divai na watu wakainywa. Kichwa chenyewe, wataalamu wengi wanaamini Wagiriki walitumia tu barakoa ileile aliyokuwa ameivaa mwigizaji wa Pentheus. Nyama mbichi halisi, hata isipoliwa, ikikaa chini ya taa za jukwaa saa mbili na kushikwa na mikono kumi, ni hatari kwenu na kwa atakayefagia. Kama bado anaitaka, aende kwanza kwa afisa afya wa kata amweleze mpango wake uso kwa uso. Na wewe kumeza unaweza kukataa. Hakuna nafasi ya kuigiza inayodai hilo.

Mama yako usimpuuze. Kwa mtazamo wangu kuigiza ibada si kuabudu, na mungu huyo hana tena kuhani wala madhabahu. Lakini hofu yake ina mizizi: Kitabu cha Mwanzo kinakataza nyama pamoja na damu yake, Kutoka inaagiza mwanakondoo wa Pasaka asiliwe mbichi, na Waislamu nao wameharamishiwa damu, pamoja na kipande kilichokatwa kwa mnyama aliye hai. Kama jambo hili linakunyima usingizi, mwende wote wawili kwa mchungaji au shehe wenu mkaongee naye, si kwangu. Na kabla ya hapo, mpigie simu mwenzako mwenye mimba umuulize kama ameshapanga kwenda kliniki.